Siku Ndugu Katibu Alipoacha Jembe Ukutani

Mama, wewe uliyelala nyuma ya nyumba, kati ya migomba yako mwenyewe,

Jana nimegombana na kijana mwenye tai, na nimeshinda. Nakuandikia wewe kwanza kwa sababu maneno niliyomshindia yalikuwa yako.

Unaukumbuka mwaka ule wa ukame, Baba akiwa ametutoka miaka miwili tu, mikungu ikitoka midogo kama ngumi ya mtoto? Serikali ilileta unga wa njano Muleba. Wazee wetu, waliozoea ndizi, walikuwa wakisema ugali ni chakula cha jela, lakini mwaka ule hata wao walipanga foleni, mifuko wameificha ndani ya makoti. Wewe ulikuwa na watoto wanne. Ulipanga foleni bila kuficha kitu.

Katibu wa kijiji alikuwa na daftari. Hakuwa mtu mbaya, na ulitukataza kumsema. Alitoka nchi za mahindi, ambako mkulima huonekana kwa matuta yake. Alipita kwetu akakukuta umeinama migombani ukiondoa majani makavu, akaangalia chini, hakuona palipolimwa. Mbele ya jina lako akaandika: hana kazi. Na asiye na kazi alitakiwa alime shamba la ujamaa siku tano kwa juma ndipo apate unga. "Asiyefanya kazi na asile," alitusomea, utadhani ndiyo kwanza tunaisikia.

Siku tano, Mama. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na nilielewa vizuri. Ukienda, kibanja, shamba letu la migomba, kinakauka. Usipokwenda, tunalala njaa. Na baba mkubwa alikwisha kuanza kupitapita mpakani, akisema mwanamke hawezi migomba, afadhali kibanja cha mdogo wake akichukue yeye.

Nilidhani utalia. Ukasubiri mkutano wa kijiji. Ulipiga goti kwanza, kama mlivyolelewa, kisha ukasimama wima, ukamwita kwa 'waitu' yetu ya heshima.

"Ndugu Katibu, waitu, sikuja kuomba unga wa bure. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, hilo nalijua. Lakini wewe una miezi mitatu kwetu na hakuna aliyekupa kazi. Njoo kwangu kesho alfajiri. Ukiimaliza kazi yangu kabla ya adhuhuri, niandike utakavyo."

Watu walicheka mpaka mwenyekiti akagonga meza.

Akaja, nampa heshima yake. Alikuja na jembe begani. Ukalipokea kwa mikono miwili ukaliegemeza ukutani. "Hapa hili litakata mizizi," ukamwambia, "utaniulia migomba." Ukampa mundu. Akakata majani makavu, utomvu ukamchuruzikia kwenye shati jeupe. Sisi watoto tulijua doa lile halitoki, tukanyamaza. Akabeba samadi kichwani. Akapanda kilimani kukata nyasi, akarudi nazo, akazitandaza kwenye mashina ili udongo usikauke. Akachimbia miti ya kuegemeza migomba yenye mikungu. Kila alipodhani amemaliza ulimwambia kwa upole wako ule wa hatari, "Bado upande ule, ndugu yangu."

Jua lilipofika utosini alikaa chini akaomba maji. Ukampa maji, na kahawa za kutafuna pia, maana mgeni ni mgeni.

"Haya yote unayafanya kila siku?" akauliza.

"Leo nimepata msaidizi," ukasema. "Siku nyingine niko peke yangu."

Siku ya kugawa unga alisoma majina mbele ya watu wote. Alipofika kwako alisoma "mkulima wa migomba", akasoma tena kwa sauti kubwa zaidi. Akakukabidhi unga akasema, "Wakora, mama." Ilikuwa shukrani yake ya kwanza kwa Kihaya, na aliitamka vibaya, na foleni nzima ilipiga makofi. Baada ya hapo kila mwanamke akaanza kumwalika alfajiri, mpaka maskini akawa anaandika "mkulima" bila kwenda kuangalia.

Mvua iliporudi, kibanja chetu ndicho kilichotangulia kuzaa. Baba mkubwa hakuonekana tena mpakani. Ukanitwisha mkungu wa kwanza nimpelekee Katibu. Nililalamika njia nzima, ulikuwa mzito, lakini nilitembea katikati ya barabara ili kila mtu auone.

Sasa ya jana. Hapa Rwamishenye tuliitwa mkutano wa mtaa kujadili watu wasio na ajira wanaopewa msaada: wafanyishwe kwanza kazi za mtaa, au wapewe tu? Wengi walisema cha bure huharibu watu. Nami nilikubali nusu, usishangae, nimelelewa na wewe. Ndipo yule kijana mwenye tai, afisa anayeandika majina, akasoma jina la jirani yangu Asteria. Mume wake amepooza. Anamgeuza kitandani usiku na mchana, anamlisha, anamwogesha, anamfulia. Kijana akasoma: "Hana kazi. Apangiwe kuzibua mitaro."

Mama, niliomba kusema. Goti langu siku hizi halipigiki, kwa hiyo nilisimama tu. Niliwasimulia habari zako zote, tangu daftari mpaka doa la shati. Nikasema anayeweza kazi apewe kazi, sipingi, lakini kwanza mwende mkaone kama mikono yake haina kazi tayari. Mzee mmoja wa nyuma akaanza kupiga makofi. Wakaamua Asteria apewe msaada wake wala asipelekwe mitaroni, na kwamba hakuna atakayeandikwa "hana kazi" kabla hajatembelewa.

"Nani atakwenda kuwatembelea?" mwenyekiti akauliza.

Nikamwonyesha kijana mwenye tai.

Anaanza kwa Asteria, kesho alfajiri. Nimemshauri asivae shati jeupe.

Wakora, Mama.

Binti yako, yule aliyebeba mkungu