Tepu Iliyomfukuza Salimu

Manundu, Korogwe. Jumapili, Aprili 1975.

Mvua tangu alfajiri. Nguo hazikauki, kuni zinafuka moshi tu, na kichwa kinaniuma kwa kuisikiliza bendi yangu mwenyewe.

Kisa ni hiki. Redio wametuita Dar es Salaam, twende tukarekodi Alhamisi hii. Kabla ya hapo wanataka maneno ya nyimbo zote kwenye karatasi, nakala tatu, wayakague. Wenzangu wote wakanigeukia mimi kwa kuwa ni karani, kana kwamba karani kazaliwa na masikio ya ziada. Nyimbo zetu hazijawahi kuandikwa popote. Zimo kwenye tepu tatu tulizorekodi miaka minne iliyopita katika ukumbi wa wafanyakazi wa shamba la mkonge, bendi ya Singa ikiwa na miezi mitatu tangu izaliwe na sisi wenyewe tukiwa hatuna akili timamu.

Sifanyi mzaha. Joakimu, mkubwa wetu, alikuwa amechana spika yake kwa wembe makusudi ili gitaa likorome. Mpiga ngoma alipiga pipa na vyuma chakavu vya kiwandani. Gitaa la pili lilisuguliwa kwa spana. Mimi nilikuwa na besi, na nilijiona mtu wa maana sana. Wazee walisema tunawatia kichefuchefu. Mwenyekiti wa tawi alituuliza mbele za watu kama huo ndio mchango wetu katika kujenga taifa. Lakini vijana walijaa hadi madirishani.

Mbele yetu alisimama Salimu, mtoto wa Kang'ata kule Handeni, mkata mkonge, mwimbaji wetu.

Sasa wimbo. Unaitwa "Nisubiri Mashewa" na una dakika kumi na mbili. Nusu ya kwanza inakwenda mbio, na sauti ya Salimu iko juu kabisa, darini. Kisha katikati wimbo wote unazama. Magitaa, pipa, mwimbaji, wote wanashuka pamoja, taratibu, mwendo unapungua, hadi watue chini na kuendelea huko huko. Hakuna bendi nyingine inayofanya kitu hicho. Ndicho tunachojulikana nacho kuanzia hapa hadi Handeni, na ndicho redio walichotuitia.

Miaka minne tumehangaika kuzama kama tepu. Joakimu analegeza nyuzi huku anapiga, na mimi namfuata kwenye besi, mkono mmoja huku, mwingine kule, kama mtu anayefunga kiatu akikimbia. Nyuzi zinakatika, na madukani hazipo. Zikikatika, Joakimu ananiangalia mimi.

Lakini hayo ni ya kuchekesha. Ya Salimu hayachekeshi.

Salimu hakuifikia ile sauti ya darini. Kila mazoezi, nusu ile ya kwanza, sauti ilimpasuka. Joakimu anazima kila kitu, anawasha tepu, anamwuliza, "Mbona hapa ulifika?" Salimu akaanza tangawizi. Akaanza mayai mabichi. Akaacha sigara. Mwisho akaenda zahanati, akiamini vumbi la mkonge limemla kifua. Mganga akampima, hakuona kitu, akamwambia aende nyumbani. Salimu akaondoka akiamini mganga anamficha ugonjwa.

Mwaka jana, mwezi wa sita, tukakaa kikao. Joakimu hakutaka kulisema lile neno mwenyewe. Nililisema mimi. Nilisema, "Salimu, ndugu yangu, tepu haidanganyi. Sauti imekwisha." Akaangalia viatu vyake, akasema, "Basi, sawa." Wiki iliyofuata aliacha na kazi pia, akarudi Kang'ata kwa wazazi wake, ambao walikuwa wamehamishiwa kwenye kijiji kipya huko huko. Mtu aliyetoka huko aliniambia Salimu haimbi tena hata harusini. Wakimwomba, anajigusa kifua na kusema ni kibovu.

Nimeyaandika haya ili niyaone yamekaa kwenye mstari. Maana leo nimegundua jambo, na nina hasira ambayo sijui niipeleke kwa nani.

Asubuhi niliifikia tepu ya tatu. Hiyo hakuna anayeisikiliza, maana ina nusu wimbo, halafu viti na makelele. Nikaiacha iendelee kwa uvivu tu. Katikati ya makelele nikasikia kisauti chembamba kinatangaza: mwenye baiskeli iliyoegemea mlango wa nyuma aje aitoe, inazuia watu.

Mke wangu alikuwa mlangoni anachambua mchele. "Baba Rehema, huyo mtoto anayetangaza ni wa nani?"

"Si mtoto. Ni Mzee Mhina, mlinzi wa ukumbi." Nilijibu bila kufikiri, kwa sababu baiskeli ilikuwa yangu na aliitoa mwenyewe kwa matusi.

Akaacha mchele. "Mzee Mhina yupi? Huyu anayekohoa Korogwe ya Zamani tukamsikia huku?"

Nikasimamisha tepu.

Nikarudisha nyuma. Nikasikiliza tena, na tena. Ni yeye, maneno ni yake, matusi ni yake, ila sauti ni ya mtoto wa darasa la pili.

Nikachukua besi, nikarudi kwenye "Nisubiri Mashewa". Kuna mahali katika nusu ya kwanza ninapiga uzi mnene bila kuubana, na mlio wa uzi ule naujua kama naujua mlango wa nyumbani kwangu. Kwenye tepu ulikuwa juu, juu sana, kuliko uzi niliokuwa nao mkononi. Nusu ya pili, baada ya kuzama, uzi ule ule ukawa mahali pake. Na mimi najua kwamba siku ile sikugusa kitu. Mambo ya kulegeza nyuzi tuliyaanza baadaye, ili kuifuata tepu.

Sikungoja mvua ikatike. Nilikwenda hadi kwa Mzee Mhina, nikamkuta barazani na kikombe cha chai.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mvua yote hii, umefuata nini?"

Nikamwuliza juu ya siku ile ya kurekodi, kama aliona chochote. Mzee akanitazama kama mtu anayeulizwa kama jua huchomoza.

"Nione nini tena? Korona, zile mashine za kukamulia mkonge, zilikuwa zinafanya kazi hadi jioni, mzigo wa meli ulichelewa. Jenereta ni moja. Ikamue mkonge, na nyinyi huku mnalilia magitaa! Taa zilikuwa nyekundu. Kile kimashine chenu cha tepu kilikuwa kinazunguka kama mgonjwa. Baadaye majani yakakwama, korona zikazimwa, ukumbi ukawaka kama mchana. Kisha wakaziwasha tena."

"Kwa nini hukutuambia?"

"Mwanangu, nilidhani mnajua. Mlikuwa ndani."

Nilikuwa ndani. Ndilo linaloniudhi kuliko yote. Kimashine kilirekodi kikiwa kimelemewa, kinakwenda pole. Sisi tukaja kukipiga hapa mjini, kwenye umeme mzuri, kikaenda mwendo wake wa kawaida, na kila kilichorekodiwa kikapanda na kukimbia. Korona zilipozimwa, wimbo ukarudi mahali pake. Hatukupanda. Hatukuzama. Tulipiga wimbo mmoja kwa mwendo mmoja, kama watu wote, na jenereta ikafanya mengine.

Niliupiga kwa vidole hivi hivi. Halafu nikaiamini tepu kuliko vidole vyangu. Nikamwamrisha mtu mzima aimbe kama tepu, na aliposhindwa nikamwambia amekwisha.

Kutoka pale nikaenda kwa Joakimu. Nilidhani atashika kichwa. Akawasha sigara, akasikiliza yote hadi mwisho bila kunikatiza.

"Umeyajua haya tangu lini?"

"Tangu saa nne asubuhi."

"Basi yasahau, utayajua tena Ijumaa."

Nikamwambia kwamba Salimu yuko Kang'ata anasubiri kufa kwa ugonjwa asiokuwa nao. Joakimu akasema redio wametuitia kuzama, na tukianza kuelezana habari za jenereta tutafika studio tukiwa tumevurugika. Akasema Salimu amesubiri miezi kumi, wiki moja si kitu.

Wiki moja si kitu! Nilitoka bila kuaga. Sijawahi kufanya hivyo nyumbani kwa mtu.

Ajabu ni kwamba naye namwelewa, na hilo linanichosha zaidi. Amekuwa akiisubiri redio tangu tulipokuwa hatuna hata gitaa la kwetu. Mwimbaji mpya tuliyempata naye ameshaanza kukwaruza, kila asubuhi anakunywa mayai. Nilimwona juzi akijisugua koo, nikamwambia ajikaze kidogo. Mimi huyo huyo.

Niliporudi nilikuwa nimelowa chapachapa. Mke wangu alinipa khanga nijifute. Nikakaa mbele ya tepurekoda, nikaweka nusu ile ya kwanza, na nikaegemeza kidole kwenye gurudumu la tepu, polepole, kulizuia kidogo, hadi uzi wangu mnene ulipolingana na besi iliyokuwa mapajani. Kidole si mashine, kwa hiyo wimbo uliyumbayumba. Lakini Salimu akashuka kutoka darini.

Sikuwahi kumsikia. Miaka minne naisikiliza tepu hii, na sikuwahi kumsikia. Ana sauti pana, tulivu, ya mtu anayeimba bila kuhangaika na yeyote. Hata maneno yanasikika. Yale mawili niliyoshindwa kuyaandika tangu Ijumaa, nikayapata hapo hapo. Ule wimbo uliopotoshwa na umeme, tulioubandika jina la ubunifu wetu, haufiki hata nusu ya huu.

Mama Rehema alikuja kusimama nyuma yangu. Akasikiliza hadi kidole kilipochoka.

"Huyu ndiye Salimu," akasema. "Yule mwingine sikumpenda kamwe."

Angeniambia. Lakini nami sikumwuliza.

Karatasi za redio bado ni nyeupe, nakala zote tatu. Joakimu ameita mazoezi kesho saa tatu. Sitakwenda. Basi la Handeni linaondoka asubuhi kama barabara itakubali, na kutoka Handeni nitatafuta lori, au nitatembea na hilo tope hadi Kang'ata. Tepu siibebi. Kijijini hakuna umeme, na nimechoka kuiachia mashine imseme yule mtu.

Nitamwambia kwa mdomo wangu kwamba kifua chake ni kizima na sauti yake haijaenda popote. Hilo si gumu. Gumu ni atakaponiuliza ilikuwaje kati yetu wanne tuliosimama nyuma yake siku ile, tukimsikia kwa masikio yetu, asipatikane hata mmoja wa kusema hapana.

Nimejaribu kuandika jibu hapa mara mbili na mara mbili nimelifuta. Nakwenda bila jibu.