Miezi Sita Benchi la Nyuma

Jumatatu, 2 Juni 2025

Nimeamka nikavaa suti nyeusi. Nimefika mlangoni ndipo nikakumbuka. Nikarudi, nikaivua, nikavaa gauni na sweta kama mtu anayekwenda sokoni. Mahakamani nimekwenda hata hivyo. Kesi husikilizwa hadharani, na hata wakili aliyesimamishwa ana ruhusa ya kukaa na kusikiliza.

Nimekaa benchi la nyuma, kati ya mama mwenye kesi ya mpaka wa shamba na mzee aliyekuwa anasinzia. Kesi ya Esha, mara ya kwanza bila mimi. Lightness ndiye aliyesimama. Ana miaka miwili tu tangu aapishwe, yote kaipitisha ofisini kwangu. Mwendesha mashtaka akamuuliza shahidi wake swali lenye jibu ndani yake. Lightness hakupinga. Miguu yangu ilisogea yenyewe chini ya benchi. Mama wa shamba akaniuliza kama naumwa.

Niyaandike yote mahali pamoja, maana kichwani yanazunguka tu. Esha ni mtangazaji wa redio ndogo ya Makambako. Mwaka jana alitangaza kwamba kuna kijiji upande wa Lupembe kimetoa ardhi yake kwa mwekezaji wa misitu, na kwamba muhtasari wa mkutano uliopitisha jambo hilo umesainiwa na watu waliokwisha kufa. Mwanakijiji mmoja, Kornelio, alimwonyesha kaburi: baba yake alizikwa Februari, muhtasari unasema alisaini Oktoba iliyofuata. Esha akashtakiwa kwa kutangaza uongo. Nikaandika barua halmashauri kuomba muhtasari ule, kwa sheria, kwa heshima. Siku thelathini zikapita, kimya. Kisha nakala ikaja kwenye bahasha isiyo na jina. Nikaipeleka mahakamani. Ikakataliwa kwa kuwa si halisi, na mimi nikashtakiwa kwenye kamati ya maadili ya mawakili. Wakauliza nani kanipa. Sikusema. Miezi sita nje, mpaka tarehe ishirini Septemba.

Bahasha haikuwa na jina, lakini mwandiko niliujua. Mzee wa masjala ya halmashauri. Miaka ishirini na mbili amenipokelea barua zangu pale dirishani.

Jumatano, 4 Juni

Lightness kaja na jalada. Nikaanza kumwelekeza: hapa ungesimama, pale ungesema hivi. Ananisikiliza, anaandika. Halafu kalamu akaiweka chini.

Kasema akinisikiliza sana anasimama pale na sauti yangu. "Hakimu ananiangalia mimi, Wakili, lakini anakusikia wewe."

Nikaenda kuchemsha chai ambayo hakuna aliyeiomba.

Jumapili, 8 Juni

Ipelele, kwa mama. Asubuhi majani yalikuwa meupe kwa baridi, viazi vya watu vimeungua shambani. Tumekaa jikoni, moshi, blanketi mbili.

Mama kaniambia watu wa kanisani wamemuuliza mimi nimeiba nini. Nikamweleza taratibu, Kiswahili kikigoma naingiza Kikinga. Kwamba kuna karatasi ya serikali inayowahusu wanakijiji. Kwamba mtu kanipa. Kwamba nikimtaja atafukuzwa kazi.

Akachochea moto. "Na huyo mtu anajua kwamba umenyang'anywa kazi kwa ajili yake?"

"Anajua, mama."

"Analala?"

Nilijiandaa anisifu au anigombeze. Hiyo sikuitegemea.

Njiani kurudi nimeliwaza hilo swali mpaka tukafika Njombe. Na jingine: mimi mwenyewe, nalala? Nimewatetea waandishi kumi na saba katika maisha yangu ya kazi, na gazeti moja lililofungiwa likafunguliwa. Sijawahi kumtaja mtu aliyemwamini mwandishi akampa karatasi. Hilo halinisumbui. Kinachonisumbua ni kuamka saa kumi na mbili asubuhi nikiwa na hoja nzima kichwani, imekamilika, na hakuna pa kuipeleka.

Alhamisi, 12 Juni

Makambako kwa Esha. Nyumba inatazama barabara, malori yanapita tangu alfajiri. Mumewe Issa ni dereva, alikuwa amerudi jana kutoka Tunduma. Kanikaribisha vizuri, kahawa, kashata. Halafu akasema aliyokuwa nayo.

Upande wa mashtaka umeleta maneno: Esha akienda redioni akasema alikosea, kesi itafutwa.

"Wakili, mimi nakuheshimu sana," Issa akasema. "Lakini uliniambia hii kesi itaisha kabla ya Ramadhani. Ramadhani imekuja imepita. Na sasa hata wewe umefungiwa."

Kweli tupu. Nilisema hivyo. Nilikuwa na uhakika, na ule uhakika wangu ndio aliouamini.

Esha hakuinua sauti. "Niombe radhi kwa kitu gani, baba Yasmini? Kwa kusoma majina ya marehemu?"

Saa nne ikafika, redio ya dukani jirani ikaanza kipindi chake. Mtu mwingine anakiendesha sasa, kijana mwenye haraka. Esha alikuwa anakunja nguo za mtoto. Midomo yake ikawa inafuata maneno ya ufunguzi, neno kwa neno, bila sauti. Hakujua kama namwona. Nikageuka nikaangalia malori.

Ijumaa, 13 Juni

Manyunyu. Sijatoka. Simu imelia mara moja — mtu anauliza kama bado naandika wosia. Nikasema kwa sasa hapana.

Jumatatu, 16 Juni

Nimekutana na mzee wa masjala sokoni. Miezi minne amekuwa akinikwepa, na mimi namkwepa, kwa usalama wake. Leo amesimama karibu yangu, anachagua maparachichi, anayabonyeza moja moja.

"Kamwene," akanisalimia, bila kuniangalia.

Nikaitika.

Akasema kwa sauti ya chini kwamba anastaafu mwakani. Kwamba mke wake hajui chochote. Kisha: jalada lenye muhtasari halisi bado lipo kabatini, lakini wiki iliyopita mtu wa juu amelifuata mara mbili, na mara ya pili alitaka aondoke nalo bila kusaini daftari. "Nimemwambia funguo anayo mwenzangu. Sitaweza kusema hivyo mara ya tatu."

Akalipia maparachichi akaenda. Koti lake limepauka mabegani. Nimeona amekonda.

Nimempigia Lightness. Nimemwambia aombe mahakama iamuru jalada halisi liletwe, na aombe haraka. Kauliza kwa nini haraka. Nikasema tu, haraka. Akasema sawa, Wakili.

Kuongea na binti huyu kwenye simu si kumwakilisha mtu mahakamani. Najiambia hivyo.

Jumatano, 25 Juni

Lightness amepata amri!

Amesimama. Hakutumia hoja yangu hata moja. Mimi ningeanza na katiba, ningeshuka kwenye sheria ya taarifa. Yeye ameanza na kaburi la baba yake Kornelio. Kisha kasema: "Mheshimiwa, mshtakiwa anatuhumiwa kusema uongo kuhusu karatasi. Karatasi hiyo anayo anayemtuhumu. Tunaomba tuione." Basi. Akakaa.

Hakimu akaandika muda mrefu. Jalada liletwe tarehe tisa Julai, na mtunza masjala aje nalo mwenyewe.

Nje Esha akamkumbatia Lightness, wakacheka, wakanigeukia mimi baadaye. Baadaye kidogo tu. Nimefurahi, wallahi nimefurahi — hilo neno nimeliokota kwa Esha. Lakini nimetembea peke yangu mpaka nyumbani na sikutaka mtu anisindikize.

Jumatatu, 7 Julai

Saba Saba. Ofisi zimefungwa, kwa hiyo leo niko sawa na mawakili wenzangu.

Nimelitoa joho kabatini nikalianika juani, likaanza kunuka jua badala ya karatasi, nikalirudisha ndani upesi. Watu hudhani wakili hupenda kushinda. Mimi ninachokikosa ni kitu kidogo. Kuna wakati hakimu anamaliza kuandika, anainua kichwa, anasema, "Ndiyo, wakili." Chumba kinanyamaza. Bado hujasema kitu. Kila mtu aliyekuja pale na hofu yake ameishikiza kwako kwa sekunde ile moja. Ninaitamani sekunde ile kama mtu anavyomtamani mtu. Sijamwambia yeyote. Ningemwambia nani? Lightness angeona namwonea wivu, na asingekosea.

Esha kapiga simu jioni. Issa kaondoka na mzigo kwenda Dar bila kuaga vizuri. Lakini kabla hajapanda lori kamwambia: kama unakwenda kukataa kuomba radhi, kataa kwa sauti ile ya redioni, usinung'unike. Amenisimulia mara mbili. Alitaka niisikie vizuri.

Jumatano, 9 Julai

Naandika hapa kwenye korido ya mahakama. Umeme umekatika, mashine ya kurekodi imezima, hakimu katoa mapumziko mafupi. Niandike kabla hatujaitwa.

Mzee wa masjala amekuja mikono mitupu. Ana barua tu, imesainiwa na mkubwa wake: jalada halionekani. Limetafutwa kwa bidii. Halionekani.

Esha akafumba macho. Mwendesha mashtaka akasema basi, hakuna cha kuonyesha, tuendelee. Lightness akasimama. Akaomba mleta barua aapishwe. Mwendesha mashtaka akapinga, hakimu akakubali ombi la Lightness. Mzee akapanda kizimbani, akashika Biblia, akaapa. Sauti yake ndogo. Ile ile ya dirishani.

Lightness akamuuliza kazi yake. Akamuuliza miaka. Kisha akageuka nusu, akaniangalia mimi kule nyuma — mara moja tu — na nikajua amejua bahasha ilitoka kwa nani. Sijui tangu lini. Labda tangu lile neno haraka.

Akamrudia mzee. "Jalada hilo, wewe mwenyewe, kwa macho yako, umeliona lini mara ya mwisho?"

Na umeme ukakatika hapo.

Sasa yupo benchi la pili kutoka hapa, peke yake. Watu wa ofisini kwake wawili wamesimama karibu na mlango, wanaongea na simu, wanamtazama. Shahidi akiwa katikati ya ushahidi haongeleshwi. Nalijua hilo kuliko mtu yeyote kwenye korido hii. Na hata bila hivyo ningemwambia nini? Miezi yote hii nimesema namlinda. Niliamini. Sasa naona nimeinamia daftari ili asinione machoni, kwa sababu ninachokitaka ni aseme. Aseme, Esha arudi redioni, Kornelio arudishiwe jina la baba yake, na kamati isome kwamba ile karatasi haikuwa ya kughushi. Kumbe na mimi nimo kwenye orodha.

Akisema, mwakani hastaafu. Anafukuzwa.

Nimetaka kuinuka niende nje kabisa, akae bila macho yangu. Sijainuka.

Umeme umerudi. Karani ametoka, anaita watu waingie. Esha amepita mbele yangu, amejifunga ushungi vizuri.

Mzee amesimama. Sikutegemea aje upande huu, mlango uko kule. Amekuja. Mbele ya wale wawili, mbele ya mwendesha mashtaka, amevua koti lake. Nimebaki nimeshika kalamu.

"Wakili Anjela," kasema, kwa sauti ya watu wote kusikia, "naomba unishikie koti. Ndani humo kuna joto."

Hakuna joto lolote Njombe mwezi wa saba. Wale wawili, ambao miezi yote hii tumekwepa watuone pamoja, wameacha kuongea na simu. Koti lipo mapajani mwangu, zito, lina joto la mwili wake, na yeye amekwisha kuingia. Ninasikia hakimu anavuta kiti. Lightness anarudia swali lake tangu mwanzo, polepole, na mimi nafunga daftari niingie na koti lake mkononi.