Mikono Yangu na Sumu ya Haradali

Jumatatu, 13 Septemba 2021

Mikono inawaka! Yote miwili, mpaka baina ya vidole. Naandika nikiwa kliniki ya kiwanda chetu cha kuharibu silaha za sumu. Nesi Maes hataki niondoke.

Niliingia kutengeneza pampu kwenye chumba cha kuoshea makombora — yale ya kale ya vita, yenye sumu ya haradali tumboni, ile inayobabua ngozi. Suti kamili, glovu tabaka tatu. Nikatoka, nikavuliwa, nikaoga, nikajiona kama nimeshika makaa. Lovato, mwenzangu wa zamu, alicheka: mzee mzima unapuliza viganja kama mtoto aliyegusa sufuria! Kisha akaacha kucheka. Ubaya wa haradali ni kwamba haina haraka. Inakugusa sasa, malengelenge yanakuja baadaye, ukiwa umeshaanza kujisifu.

Kazi imesimamishwa. Glovu zangu zimepelekwa maabara.

Nimempigia Berna. Kila Krismasi mke wangu huniomba niache kazi hii, nikadhani leo atafoka. Wapi! Aliuliza: "Vidole vyote unavyo?" Ninavyo. "Basi usijiguse usoni." Akakata.

Jumanne, 14 Septemba

Hakuna lengelenge! Wekundu tu, na moto wake. Tangu alfajiri naikagua mikono kama mnunuzi anayekagua meno ya farasi.

Ajabu ya kazi yetu: sumu yenyewe tunaijua dawa yake. Maji ya moto, koroga, magadi makali juu yake, maabara waseme imekwisha, halafu vijidudu kwenye matangi wayale mabaki. (Berna husema hata vijidudu wetu wanakula kwa wakati, ila mume wake ndiye chakula chake hupoa.) Tangi likipona, unaambiwa. Lakini mtu hakorogwi — anangoja.

Mchana nesi akavuta kiti. Ni mtoto wa mji wetu huu wa Pueblo, kwao wakulima.

"Glovu ni safi, Don Eliseo. Nje na ndani." (Hapa kwetu wazee huitwa Don, kwa heshima.)

Kisha akainama akanusa viganja vyangu. Akanusa!

"Jana kabla ya zamu ulifanya nini?"

"Sikufanya kitu. Nilimenya pilipili zilizochomwa, za akiba ya mwaka."

"Nyingi?"

"Magunia mawili tu."

"Kwa glovu?"

Nikaudhika. Glovu! Namenya pilipili kila Septemba tangu nina meno ya utoto. Marehemu baba alisema anayevaa glovu kumenya pilipili ni mgeni wa jijini, kutoka Denver.

Akagonga kiganja changu kwa kidole, akili ikanirudia. Ukali wa pilipili ulikuwa umejificha kwenye ngozi. Mimi nikaufunika kwa glovu tatu, nikaulowesha kwa jasho zamu nzima. Nimejipika mwenyewe!

"Tabaka tatu kwa sumu," akasema, "mikono mitupu kwa kitoweo."

Akanipaka mafuta ya kupikia, yang'oe ukali. Nikalia kidogo. Nikasingizia pilipili.

Jumatano, 15 Septemba

Kazi imeanza tena. Mimi nimeambiwa nipumzike. Lovato amebandika karatasi penye suti: UMEMENYA? SEMA KABLA YA KUVAA. Wanne wamekiri tayari! Mmoja ni bosi.

Jumamosi, 18 Septemba

Mwandiko mbaya — natumia mkono wa kushoto. Wa kulia anao Berna.

Tangu nianze kiwandani hajawahi kunishika mkono nikirudi. Ananipokea begi, ananipa shavu. Sikuwahi kuuliza. Labda niliogopa kusikia kwamba anaiogopa sumu mikononi mwangu. Leo baada ya chakula kaukamata, kaugeuza, kaupekua kidole kimoja kimoja.

"Mpumbavu," akasema, kwa sauti ya kubembeleza. Kisha akasinzia kwenye kochi, ameukumbatia kifuani. Umeshakufa ganzi. Sithubutu hata kukohoa.

Simu inalia. Namba ya kiwandani — pampu ile, bila shaka. Iko upande wake, siifikii bila kumwamsha.

Imekatika. Afadhali!

Inalia tena. Berna amefumbua jicho moja. Anaitazama simu, ananitazama mimi. Mkono hajauachia, nami siuvuti.