Kiungo cha Mia na Sita

3 Machi

Nimeshaalika mtaa mzima kwenye ufunguzi wa bomba lako la haidrojeni Jumamosi tarehe kumi na tano, kwa hiyo usianze kuniambia haiwezekani.

Hujambo mwanangu? Huku sote wazima, ila goti langu ndilo lenye maneno mengi. Nimewaambia bomba hilo halifunguliwi bila sahihi ya binti yangu, mkaguzi. Jirani yetu Cherehani, yule fundi nguo, akauliza haidrojeni ni kitu gani. Nikamjibu ni gesi ya kuendeshea viwanda bila moshi. Bahati nzuri hakuuliza zaidi, maana nami nilikuwa nimefika mwisho.

Mama yako

7 Machi

Shikamoo mama. Pole na goti, usipande ngazi.

Tulijaza bomba gesi ya majaribio, tukalifunga, tukasubiri. Presha ikashuka kidogo sana. Tumefuatilia hadi kiungo cha mia na sita, yaani mshono wa chuma unaounganisha vipande viwili vya bomba. Mhandisi mkuu anasema nitie tu sahihi, wageni wanakuja. Nimekataa. Haidrojeni hupenya pasipopenya kitu kingine. Haina harufu, na ikiwaka mchana moto wake huuoni, unaweza kuuingia ukitembea. Ikizama ndani ya chuma kisichofaa, hukifanya kivunjike kama biskuti. Nimetaka kiungo kikatwe. Ufunguzi umeahirishwa, na nimeambiwa huenda kazi yangu ikaishia hapo. Nisamehe kwa kukuaibisha.

Mwanao

10 Machi

Aibu gani? Salamu nyingi kwanza, na ule vizuri.

Nimepita nyumba kwa nyumba kuwaambia hatuendi. Cherehani akacheka, eti kumbe bomba limemshinda. Nikamwambia, "Mshono wako ukiachia, mtu anaona haya. Wa mwanangu ukiachia, watu wanazikwa." Akanivutia kiti.

Usitie sahihi. Wakikufukuza, kitanda chako kimetandikwa.

Mama

26 Machi

Shikamoo mama, natumaini hujambo.

Walikikata kiungo. Ndani kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Mhandisi mkuu alikishika kipande hicho, akaupapasa ufa kwa kidole. Tumechomelea upya, na presha imekaa siku mbili bila kutikisika. Jana nilitia sahihi, na ufunguzi sasa ni tarehe tano Aprili. Njooni.

Mwanao

29 Machi

Barua yako nimeisoma kwa sauti mara mbili, mara ya pili dirisha likiwa wazi. Sisi wazima kabisa. Basi moja halitoshi tena, maana wamejialika hata niliokuwa nimewaruka. Huyo mhandisi mkuu mwambie simchukii, ila nataka nimwone.

Tunafika sote Jumamosi, tarehe tano Aprili, saa tatu asubuhi.

Mama wa mkaguzi