Siku Mama Alipogoma Kulima

Mjukuu wangu Neema,

Huku Busunzu hatujambo, maharage yametoa maua. Unauliza kwa nini juzi nilikukatia simu. Nilishtuka, mwanangu!

Nilipokuwa msichana, gari la sinema lilikuja kijijini, na kwenye filamu mtu akapigwa risasi. Asubuhi mama akagoma kwenda shamba, maana kwetu msiba ukitokea jembe halishikwi. Tukacheka, tukamwambia yule anaigiza tu. Akang'aka: "Nimemwona anakufa kwa macho yangu, halafu nikalime?"

Wewe juzi ukaniambia umeona kwenye habari watu wamezama na watoto wao, ukapitisha kidole kwenye kioo cha simu, ukaendelea na vichekesho.

Neema, wale hawakuwa wanaigiza.

Nipigie.

Bibi yako