Minyoo ya Perege wa Mtera

Yahaya rafiki yangu, sikuwa na darubini. Sikuwa na maabara, wala cheti kuzidi kile cha masomo ya jioni, na tangu nimzike mke wangu Hana sina hata wa kulalamikia harufu ya samaki mezani.

Lakini daftari nilikuwa nalo! Miaka mitatu napasua perege wa bwawa la Mtera na kuandika walichokula na idadi yake.

Asubuhi, kwenye mhadhara wa Naima, mtafiti wa samaki, pale Makole, nikasimama nikasoma: "Perege hula minyoo warefu weupe."

Akauliza, "Babu, uliwakuta ndani ya utumbo au nje yake?"

Nje, nikasema, wamejikunja tumboni kando ya utumbo.

"Basi hawakuliwa, babu. Hao ndio wanaomla samaki."

Wanaomla samaki, Yahaya! Miaka mitatu nimemwandika mlaji kuwa chakula. Mama mmoja nyuma akapaza sauti, "Na hao perege uliwala mwenyewe?" Ukumbi ukaangua kicheko.

Naima akaniomba daftari, eti hakuna mwingine aliyewahesabu minyoo hao. Nikajifanya sisikii, nikaondoka.

Hapa Nkuhungu nyumba iko kimya. Nimekaa na daftari peke yangu saa nzima. Nilichome? Ningebaki na nini?

Nimemwandikia Naima: "Nilikosea jina la mlaji. Hesabu ni sahihi." Nimeitia barua kwenye bahasha pamoja na daftari, nikaibana kwa gundi. Bodaboda ameshaondoka nayo.