Siku Biar Alipoisoma Hadithi ya Pitia

Hai Jalaba,
Juba.
15 Novemba 2009

Mpendwa wifi Magdaline,

Habari za Kitale, wifi yangu? Mahindi mmeshaanika? Naomba jua liwawakie mpaka gunia la mwisho liingie ghalani, maana namjua kaka Mathiang, hindi likinyeshewa shambani hata chai haimshuki. Elkana kifua chake kimepona? Na Quinter bado anaongoza nyimbo za watoto kanisani, au amekuwa mkubwa sasa anaona aibu? Nijibu yote, usiniandikie "tuko sawa" peke yake.

Mimi ni mzima, Mungu ni mwema. Malaria ilinilaza mwezi wa tisa, lakini ilikuja kwa adabu ikaondoka upesi. Bado naishi Gudele, na kila nikirudi kutoka kazini nakuta mtu ameanza kujenga mahali ambapo asubuhi palikuwa na nyasi. Kazi ni ile ile, duka letu la kuchapa na kutoa kopi hapa Hai Jalaba. Umeme ukikatika tunawasha jenereta, jenereta ikikataa tunakaa tunapiga soga na wateja.

Sasa wifi, keti vizuri. Nina jambo la kukueleza, na nitajisifu kidogo. Univumilie.

Unakumbuka ulivyokuwa ukitukusanya sebuleni kwako siku za likizo, kila mmoja asome alichoandika? Mimi nilidhani ni mchezo wa mwalimu asiyejua kupumzika. Niliporudi Juba ndipo nikagundua nilichokosa. Hapa watu wanazungumza siku nzima habari za amani, za kura, za viwanja, lakini hakuna mahali pa mtu kusema, "Nimeandika kitu, nisikilizeni."

Na waandishi wapo! Mimi nawaona kwa sababu wanakuja dukani. Mtu analeta barua ya kuomba kazi, chini yake kuna karatasi nyingine, ananinong'oneza, "Na hii pia, dada, lakini usiisome kwa sauti." Hivyo ndivyo nilivyomjua Biar, dereva wa shirika moja hapa mjini. Ni mrefu hata mlangoni lazima ainame, na sauti yake ni kama ngoma kubwa ya kanisa. Alikuwa askari msituni akiwa bado mvulana, baadaye akaishi kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, na Kiswahili chake ni cha huko. Alileta shairi kuhusu barabara. Baada yake akaja Omondi, Mjaluo kutoka Ahero, meneja wa hoteli karibu na mto, anayeandika hadithi za kuchekesha. Nikawaambia wote wawili, "Jumamosi tukutane nyuma ya duka. Chai ni juu yangu."

Tulianza hivyo, wifi, tumekalia maboksi ya karatasi. Mwezi ukaisha, maboksi hayakutosha. Walikuja wauguzi, walimu, kijana wa redio, na Atong, mama muuza chai, ambaye alikuja kuuza akabaki kusikiliza, na siku moja akatusimulia kisa cha kijijini kwao tukaacha chai ikapoa. Omondi akatupa ua wa hoteli yake kila Jumamosi alasiri. Tukajiita Kikao cha Jumamosi. Sheria yetu ilikuwa moja tu: anayesoma hakatizwi.

Sheria hiyo ilivunjwa mwezi wa nane, na karibu kikao kife.

Kuna mwalimu mmoja anaitwa Pitia, wa kabila la Wabari, mtu mpole wa hapa hapa Juba. Alikuwa amekuja mara tatu nne bila kusema kitu. Siku hiyo akasimama, akafungua karatasi yake, akaanza kusoma kwa Kiarabu. Hakufika mbali. Biar alisimama.

"Hapana," alisema. "Sikupigana vita ili nije kusikia lugha hiyo Jumamosi yangu. Kaa chini, jalaba we."

Wifi, jalaba ni jina wanaloitwa wachuuzi Waarabu wa kutoka kaskazini, kwa serikali waliyopigana nayo watu wetu. Kumwita mtu wa kusini jina hilo ni kumtoa katika watu wake. Mtu mmoja alicheka. Pitia alikunja karatasi yake polepole, akaiweka mfukoni, akasema, "Shukran," akatoka. Hakuna aliyemfuata. Hata mimi nilikaa, nimeshika kikombe.

Jumamosi iliyofuata, nusu ya watu hawakuja. Wote waliosomea shule za Kiarabu walikaa nyumbani, na sikuwalaumu. Omondi alinitazama akasema, "Achai, tumejenga nyumba yenye mlango mmoja, na mlango wenyewe tumeufunga."

Nikaenda kumtafuta Pitia. Kumbe naye anakaa Gudele, upande wa pili tu wa soko. Nilimkuta anasahihisha madaftari ya wanafunzi, mama yake ameketi kando anachambua khudra, yale majani yanayoteleza ambayo ninyi mnayaita mrenda. Pitia aliniletea karkade, ile chai nyekundu ya maua, hakunifukuza. Kiswahili chake amekiokota kwa wafanyabiashara wa Uganda, lakini alichoniambia kilinyooka kuliko sarufi yangu.

"Dada, mimi iko hapa vita yote. Wewe kimbia, yule kimbia, mimi baki. Hapa shule ilikuwa ya Kiarabu tu. Sasa hii kichwa yangu mimi tupa wapi?"

Nikamwomba anisomee alichotaka kukisoma siku ile. Akakisoma kwa Kiarabu cha Juba, sentensi moja moja ili nielewe, nami nikawa nakiandika kwa Kiswahili. Kilikuwa kisa cha dada yake, Kiden. Wakati wapiganaji wa msituni walipouzingira mji na chakula kikaisha, Kiden na mama yao walilima khudra kando ya mto. Majani yalikuwa marefu, kwa hiyo Kiden alikuwa akiimba anapochuma, ili mama ajue yuko wapi. Asubuhi moja kombora liliangukia bustanini. Pitia aliandika kwamba mama hakusikia mshindo. Alichosikia ni wimbo kukatika.

Hakuandika ni nani aliyelipiga. Aliandika tu kwamba lilitoka upande wa barabara ya Nimule.

Tulipomaliza, nilimwomba ruhusa hadithi hiyo isomwe kwa Kiswahili siku yetu kubwa. Nilikuwa sijakwambia: tulikuwa tumepanga mkutano wa wazi mwezi wa kumi, watu wote wakaribishwe, wa chuo kikuu, wa makanisa, wa redio. Pitia aliwaza, akauliza nani ataisoma. Nikamwambia, "Biar."

Aliniangalia kana kwamba nimepungukiwa na akili. Kisha akasema, "Kama yeye kubali, mimi kubali."

Nilikuwa na sababu yangu. Niliona kwamba Biar akibeba maneno ya mtu aliyemfukuza yeye mwenyewe, mwaka mzima hataweza kuyatua. Sikujua alikuwa amebeba kitu kingine.

Alikuja dukani, nikampa ile karatasi. Alisoma amesimama, midomo ikicheza. Alipofika mwisho akauliza, "Huu ni mwaka gani?"

"Tisini na mbili."

Akaketi kwenye kiti cha wateja. Kiti kile ni kidogo, magoti yalimfika kifuani. "Mimi nilikuwa Nesitu mwaka huo, barabara ya Nimule," alisema. "Kwenye mizinga. Tulikuwa tunabeba makombora. Tuliambiwa ni kambi ya jeshi tunapiga. Sisi hatukuona yanaangukia wapi."

Nikamwambia hakuna anayeweza kujua kombora lile lilikuwa la nani. Akasema, "Ndiyo. Hakuna anayeweza kujua. Hiyo ndiyo shida." Akatoka na karatasi. Jumamosi zote zilizofuata hakuonekana, na simu yake ilikuwa imezimwa.

Siku yenyewe ikafika. Wifi, ungeuona ua ule! Omondi alikuwa ameazima viti mpaka kanisani, na bado watu walisimama. Walikuwepo Wabari, Wadinka, Wazande, Wakenya wa mabenki, Waganda wa sokoni, wanawake waliovaa kitenge na wanawake waliovaa tobe, lile vazi refu la Kisudani. Walimu wa Kiarabu nao walirudi, kwa sababu mimi na Atong tulikuwa tumepita nyumba kwa nyumba kuwaomba. Nilikuwa nimevaa lile gauni la bluu ulilonishonea. Lakini moyo wangu haukuwepo pale, macho yangu yalikuwa langoni.

Nilimwona Biar akiingia. Hakuja kwenye viti. Alimwendea Pitia, aliyekuwa amesimama karibu na lango, akaanza kumwambia jambo kwa sauti ya chini. Nilikuwa mbali, lakini nilijua anasema nini, kwa sababu niliona Pitia akiangalia chini na hakuinua uso kwa muda mrefu. Niliomba Mungu, nikasema, sasa ataondoka, na safari hii hatarudi.

Pitia akageuka. Akaja akaketi kiti cha mbele kabisa.

Omondi alipomwita Biar jukwaani, waliokuwepo mwezi wa nane walitazamana. Alifungua karatasi. Kabla ya kusoma alimtazama Pitia akasema kwa Kiarabu cha Juba, lugha aliyokuwa ameikataa, "Malesh, aku tai." Samahani, ndugu yangu. Hakueleza ni kwa nini, na hakuna aliyeuliza.

Alisoma vizuri, wifi. Sauti ile ya ngoma aliishusha mpaka ikawa kama ya mtu anayezungumza na mgonjwa. Alipofika kwenye wimbo, akakwama. Alijaribu tena, akakwama. Nilianza kuinuka nikamsaidie, lakini Pitia alikuwa ameshainuka. Alipanda jukwaani na karatasi yake ya Kiarabu, akasimama bega kwa bega na Biar, akasoma ile sentensi kwa lugha yake. Akangoja. Biar akaisoma kwa Kiswahili. Pitia akasoma inayofuata, Biar akaifuatisha. Wakaenda hivyo mpaka mwisho, Kiarabu kisha Kiswahili, na sikusikia hata kiti kikilia.

Alianza mama mmoja nyuma kwa kigelegele, na ua wote ukamfuata. Omondi, huyu mtu wa vichekesho, alikuwa analia waziwazi na leso hana.

Najivuna, wifi. Sitaficha. Katika mji huu kila mtu ana wafu wake na ana lugha aliyowalilia, na sisi watu wa maboksi ya karatasi tumepata mahali pa kuketi nao wote. Sasa kila anayesoma anachagua lugha yake, na mwenzake anaisoma kwa lugha nyingine. Juzi Atong alisimulia kwa Kidinka na mwalimu mmoja wa Kiarabu ndiye aliyemfasiria, akikosea tunacheka, naye anacheka. Wauguzi wanataka kikao kingine katikati ya wiki. Na mimi, niliyekuwa najificha nyuma ya mlango wa jikoni kwako zamu yangu ya kusoma ikifika, ndiye mwenyekiti! Mwambie kaka Mathiang, najua hataamini.

Jambo moja limebaki. Wiki mbili baada ya mkutano, Biar alimwomba Pitia ampeleke kwa mama yake. Pitia alimwonya, lakini alimpeleka, na akaniomba nami niwepo. Biar hakuketi. Alimwambia yule mama kila kitu amesimama, Nesitu, mizinga, mwaka. Mama alisikiliza huku mikono yake ikiendelea kuchambua majani. Kisha mikono ikaacha.

Akamwuliza, "Mama yako yuko hai?"

"Hapana, mama. Alikufa nikiwa msituni."

Yule mama aliyasukuma majani kando. Mwishowe akasema, na Pitia akatufasiria pole pole: "Leo siwezi kukupa mkono. Nenda. Njoo Jumapili."

Biar alikwenda Jumapili hiyo. Pitia anasema alipewa kiti, hakupewa mkono, na wala hawakuzungumza. Leo ni Jumapili nyingine. Nikitoka ibada nimekutana naye njiani Gudele, anatembea upesi, nikamwuliza anakwenda wapi.

"Nimeitwa kula," alisema, na hakusimama.

Wifi, nisalimie kaka Mathiang, mwambie asiuze mahindi yote kabla bei haijapanda. Nibusie Elkana na Quinter, kila mmoja apate lake wasigombane. Mpe salamu mama mkwe wa kaka, mama yako mzazi, na majirani wote wanaonikumbuka. Omondi naye anakusalimu kwa Kijaluo, ameniandikia maneno nimeyasahau, lakini uyahesabu yamefika. Na ukiweza, shule ikifungwa, panda basi uje. Nimekuwekea zamu ya kusoma na sitakubali udhuru.

Mungu alinde mlango wako na wote wanaopita ndani yake.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye toka moyoni,

Achai